Ramani Ndani ya Shuka Dogo

Ukitaka kumjua mgeni wa hoteli, usimtazame anapopita mapokezi akinukia marashi. Muulize dobi. Shuka halijui kuficha: litakuambia nani kalala kama gogo, nani kagaagaa mpaka alfajiri, na nani kalia kidogo akiwa ameugeukia ukuta.

Mama Povu aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Miaka ishirini na mmoja alikuwa akifua mashuka ya hoteli ya mapumziko iliyoko kilimani, ile yenye bwawa la kuogelea na miavuli ya rangi. Jina la Povu alipewa na mpiga pasi, mwenzake wa miaka yote hiyo, kwa sababu hata akienda msibani alikuwa na chembe ya povu nyuma ya sikio.

Mchana, mashuka yakishaanikwa nyuma ya jengo, uwanja ule uligeuka nyumba kubwa nyeupe isiyo na paa, yenye kuta zinazopumua. Mama Povu alipenda kutembea humo mikono nyuma, kama mwenye nyumba. Upepo ulimfungulia ukuta huu, ukamfungia ule. Na kulikuwa na nyakati, jua likiwa kali na sabuni ikinukia, ambapo alihisi kwamba usingizi wa watu ulikuwa haujatoka wote kwenye kitambaa. Basi ungemnyemelea, akaanza kuota ndoto zisizo zake hali amesimama wima: mara anaendesha treni, mara anatafuta kiatu kimoja, mara anaitwa kwa jina la mapenzi na mtu asiyemjua.

"Dada, unalala?" mpiga pasi angeuliza kutoka dirishani.

"Nasafiri."

"Haya, ukifika usisahau kurudi, foronya zinakungoja."

Safari zake mwenyewe zilikuwa fupi, lakini zilikuwepo. Binti yake alipokuwa na miaka sita alimwuliza, "Mama, mule ndani kuna nini?" Watoto wa wafanyakazi hawakuruhusiwa kuvuka lango, na mama hakutaka kumpa mwanawe jibu la kumuumiza. Akamwambia, "Mule kuna watu wamechoka. Twende tusipochoka." Kuanzia hapo, kila Jumapili wawili hao wakawa wanazunguka chini ya kilima wakitafuta raha isiyodai pochi nzito. Wakaupata mteremko wa nyasi nyuma ya shule, ambako ukikalia boksi la karatasi unashuka kama mshale. Wakakipata kituo cha zimamoto, ambako Jumapili gari huoshwa na mtoto anayeomba kwa adabu hupewa mpira wa maji aushike. Wakampata seremala anayewaachia watoto vipande vya mbao na nyundo ndogo, kisha anajifanya kushangaa: "Hii ni meli au ni kiti?" Na mwisho wa mzunguko, njaa ikiuma, kulikuwa na kibanda cha wifi yake. Hapo supu ya kuku ilikuwa supu kweli, viazi vilikaangwa ukiviona, na mtoto aliyemaliza sahani aliongezwa bila kuulizwa.

Binti alikua, akawa fundi wa kuchomelea vyuma katika mji mwingine. Njia zile zikabaki kichwani mwa mama yake, hazina wa kuzipita.

Ndipo alipoanza kuzigawa. Kulikuwa na wageni wa aina fulani ambao Mama Povu aliwatambua bila kuwaona: wale waliojinyima mwaka mzima wakalipia chumba, halafu wakafika ukumbi wa chakula, wakasoma bei, wakala kwa macho. Usiku watoto wao walikula biskuti kitandani. Chengachenga za biskuti ndani ya shuka zilimwambia yote. Basi alichukua karatasi ya kuorodheshea nguo, akachora ramani nyuma yake, akaikunja ndani ya shuka safi la chumba kile. Siku mbili baadaye shuka lilirudi na alama za kijani za nyasi, na Mama Povu alilifua akitabasamu, taratibu, kana kwamba anamwogesha mtoto.

Kisha akaja meneja mpya. Mtu wa tai, mwembamba, mwenye kutembea kama anayekwepa madimbwi. Wiki ya pili akabandika tangazo: *Mfanyakazi atakayemwelekeza mgeni kula au kujiburudisha nje ya lango atakuwa amejifukuza kazi mwenyewe.*

"Ukijifukuza mwenyewe," mpiga pasi aliuliza, "barua unajiandikia, au unajisomea tu kwa sauti?"

Mama Povu alicheka, kisha akalisoma tangazo mara ya pili. Mwaka mmoja tu ulibaki apate kiinua mgongo chake. Akifukuzwa, kinapotea chote, na miaka ishirini na mmoja inabaki maji machafu ya kumwaga. Akaweka kalamu yake juu ya kabati, mbali na mkono.

Ilikaa huko miezi miwili. Halafu, likizo ya shule ilipoanza, akazikuta chengachenga katika shuka dogo.

Hapa lazima niwaeleze. Mashuka ya vyumba yote yalishonwa uzi wa rangi pembeni, kila chumba na rangi yake, yasichanganyike. Ila yale madogo ya kitanda cha mtoto hayakuwa na uzi. Yalikuwa manne tu, na kitanda chenyewe kimoja, kwa hiyo siku zote Mama Povu alijua kiko wapi. Mhudumu wa vyumba alimwambia chumba cha kumi na nne wamekuja baba, mama na watoto wawili, na mmoja ni mdogo. Basi, kumi na nne.

Siku ya kwanza akazikung'uta chengachenga akanyamaza. Siku ya pili zilikuwepo tena, pamoja na doa dogo kwenye foronya, mahali ambapo jicho la mtoto hulala.

"Kaka," akamwambia mpiga pasi, "kuna mtoto anakula biskuti analia."

"Wewe hujaliona hilo. Umeona shuka chafu, umelifua, basi."

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa."

"Na mwenye kazi amjue asiye na kazi. Dada yangu, mwaka mmoja! Hata mbuzi angevumilia."

Alizunguka katika nyumba yake nyeupe mchana kutwa. Upepo ukavuta ukuta mmoja, na ng'ambo yake akamwona msichana wa miaka sita akiuliza mule ndani kuna nini. Ukuta ukarudi. Ulipofunguka tena hapakuwa na mtu, nyasi tu. Mama Povu akapiga moyo konde, akaishusha kalamu. Alichora kwa uangalifu kuliko siku zote, na penye mteremko akaandika: *Kaa kitako, shuka ukicheka.*

Siku mbili baadaye, asubuhi, meneja mwenyewe aliingia dobini, na karatasi ile mkononi.

Pasi ya mpiga pasi iliganda hewani. Mama Povu alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Mwandiko wako huu, mama?"

Angeweza kukana. Ila kila karatasi ya nguo aliyoipokea bwana yule ilikuwa na mwandiko uleule. "Wangu."

"Nimeikuta kwenye kitanda cha mwanangu."

Mama Povu hakuelewa mara moja. Kisha akamwona, nyuma ya suruali iliyonyooshwa vizuri, msichana mwenye mapengo mawili ya meno, ameshika pakiti ya biskuti. Kitanda kile hakikuwa chumba cha kumi na nne. Kilikuwa katika nyumba ndogo nyuma ya jiko, anakolala meneja.

"Shikamoo bibi," mtoto alinong'ona.

"Marahaba, mama'angu."

"Anakaa na mama yake," meneja alisema, akiitazama mashine ya kufulia kana kwamba anaongea nayo. "Mimi nampata likizo tu. Wiki mbili. Chakula cha ukumbini hali, anasema kinanukia watu wazima. Bwawani anaogopa. Nami hata humo ukumbini, mama, kila sahani inakatwa kwenye mshahara wangu." Akainua karatasi. "Jana jioni tumejaribu kuifuata hii. Tumepotea. Hii ni nini, hapa?"

"Nyundo, mkubwa. Ni kwa seremala."

"Mimi nikadhani msalaba. Tumeenda kanisani."

Mpiga pasi alikohoa ndani ya foronya.

"Nifanye nini na wewe?" meneja akauliza, na haikujulikana kama anauliza kwa kitisho au kwa kuchoka. "Tangazo nimeliandika mwenyewe."

"Kesho ni Jumapili," Mama Povu alisema. Sauti yake ilimtoka ya ajabu, kama ya mtu aliye ndotoni anayejua kwamba anaota. "Kama ni kunifukuza, nifukuze Jumatatu. Kesho niwaonyeshe njia."

Na kweli aliwaonyesha. Walikwenda polepole, meneja nyuma na tai yake, hadi mtoto alipomwomba aivue. Kwa seremala wakapigilia misumari kitu ambacho seremala alikataa kata kata kukiita kiti. Kibandani kwa wifi, wageni wa chumba cha kumi na nne walikuwa wamekaa wote, baba, mama na watoto, midomo inang'aa mafuta. Walikuwa wanakuja tangu siku ya kwanza. Walifuata harufu tu.

"Ninyi hula hapa?" meneja akawauliza.

"Bosi, tusipokula hapa tutarudi kwetu keshokutwa," yule baba akamjibu. "Tukila hapa, tunakaa wiki nzima kwako."

Meneja aligeuka. Alikuwa akimtazama mwanawe. Sahani ilikuwa tupu, na wifi, bila kuulizwa, alikuwa anaongeza.

Jioni walifika mteremkoni. Nyasi zilikuwa na rangi ya asali, na mji chini yake ulionekana uko mbali na laini, kama umefunikwa pamba. Msichana alishuka mara saba. Mara ya nane alimchukua baba yake, na mtu yule wa kukwepa madimbwi akashuka akipiga yowe, akabiringika, akabaki chali huku anacheka, suruali imechanika gotini.

Alipopanda alikaa kando ya Mama Povu, akihema.

"Lile tangazo," akasema, "nitalibandua kesho. Na karatasi hizi usizikunje tena ndani ya mashuka. Ziweke mapokezi, watu wazione."

"Sawa, mkubwa."

"Ila hiyo nyundo uichore vizuri."

Mama Povu alifumba macho. Akajihisi mwepesi mno, kama angeweza kupeperuka. Akahisi kitu kikavu kikimgusa mkono. Ni boksi.

"Bibi, zamu yako."

"Mimi? Na magoti haya?"

"Unakaa kitako. Magoti hayana kazi."

Mama Povu alitazama huku na huku, akapandisha khanga yake, akakaa.