Baba Milembe na Jina Lisilotamkwa

Chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Kanyenye kilinuka wino wa stensili na michembe. Wino ulikuwa wa baba. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ilikuwa ya mama, ambaye msimu wa mvua hakuwa na mahali pengine pakavu pa kuweka magunia yake. Basi harufu hizo mbili ziliishi pamoja, moja kali ya kuwasha pua, nyingine tamu yenye vumbi, na hadi leo nikipita mbele ya duka la wachapaji njaa hunishika bila sababu. Baba alikuwa mwalimu, lakini mwaka ninaousimulia kanisa letu lilikuwa limemwazima ili asaidie kutafsiri Agano la Kale kwa Kinyamwezi. Alipewa taipureta, meza, taa ya karabai na Mchungaji Yeremia, mtu mwembamba mwenye kunywa chai kwa kelele, aliyepelekwa ng'ambo akiwa kijana akarudi na Kiebrania kichwani. Mchungaji alisoma Kiebrania, baba alitafuta Kinyamwezi, na mashine iligonga toka asubuhi mpaka jua linapoegemea upande wa reli.

Nilikuwa mtoto wa pekee, na naomba msomaji alishike hilo, maana mengine yote yanatoka hapo. Mama hakuwahi kutamka jina la baba. Alimwita Baba Milembe, na Milembe ni mimi. Mzee Salumu, fundi cherehani aliyeshonea barazani ng'ambo ya barabara, alimwita Baba Milembe. Wauza karanga, waumini, wakaguzi wa shule, wote walimwita hivyo hivyo. Ndiyo desturi yetu, mtu akishazaa jina lake la zamani huwekwa kando na watu humwita kwa mtoto wake. Nilipokuwa mdogo kabisa nilidhani baba hakuwa na jina lolote mpaka nilipozaliwa nikampa. Nilitembea mjini nikijiona mwenye mali. Mtu akimwita baba, alikuwa ananiita na mimi kidogo.

Kisha akaja Kabula kutoka kijijini Lusu. Baba yake, mdogo wake baba, alikuwa amefariki kiangazi kile, na mama yake alikuwa amerudi kwao. Aliletwa na lori la pamba, na kifurushi chake kilitosha kwapani. Alilingana nami kwa umri ila alinizidi urefu, na aliweza kubeba debe la maji kichwani bila kulishika, akiwa anakuna mguu kwa mguu wa pili. Nilimkaribisha vizuri. Nilimpa nusu ya mkeka wangu na gauni langu lililoanza kunibana. Nilikuwa mkarimu kwa sababu sikujua alichokuja kuchukua.

Alichokuja kuchukua kilijulikana wiki ile ile. Kutafsiri kunataka sikio. Ukishaandika sura lazima umsomee mtu asiyeijua, ufunike karatasi, umwulize amesikia nini, na pale anapopotea ndipo palipokosewa. Baba alikuwa anahangaika kupata sikio la namna hiyo. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini, nikiota ndoto kwa Kiswahili, na Kinyamwezi changu kilikuwa cha kusalimia na kugombezwa. Kabula alikuwa nacho chote, cha shambani, cha machungani, cha kuomboleza na cha kutania, na baba aliposikia anavyomsimulia mama habari za ng'ombe wao mkaidi, aliacha kutaipu akaja kusimama mlangoni. Toka siku hiyo Kabula alikaa kwenye kiti kando ya meza, akapewa chai ya maziwa, na baba alimsomea sura baada ya sura huku amemwinamia. Mimi nilitumwa sukari.

Sijui wengine huupatia wapi wivu, mimi ulinikaa tumboni. Nilipoteza hamu ya chakula nikamwambia mama nina safura. Nilijitahidi kujifunza Kinyamwezi jikoni, nikimwuliza mama jina la kila kitu, na jioni moja nikamsemesha baba sentensi ndefu niliyoitunga mchana kutwa. Baba alicheka, si kwa ubaya, akanisahihisha pale mwanzo na pale mwisho, kisha akageuka kumwuliza Kabula wao kule Lusu wangesemaje. Nililala nimeelekea ukutani. Kabula aliniuliza kama naumwa, nikamwambia asiniguse.

Baya zaidi lilitoka barabarani. Watu waliokuwa wakipita walimwona baba dirishani na msichana huyo, wanazungumza, wanacheka, na wengi hawakujua habari zetu. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mwuza dagaa. Aliita kwa furaha, "Baba Kabula, leo hamnunui?" Nilimtazama baba nikisubiri amrekebishe. Baba alisema leo hapana, labda kesho. Baada ya hapo likaenea, nusu ya mtaa ikawa inasema Baba Kabula, na baba aliitika kila mara kwa sauti ile ile aliyoniitikia mimi.

Mambo yakiwa hivyo, wakafika kwenye Jina. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia nikimenya karanga, na watu wazima husahau kwamba gunia linaweza kuwa na masikio, kwa hiyo niliyasikia yote. Mchungaji alieleza kwamba Waebrania waliliandika jina la Mungu kwa herufi nne, na baadaye kwa heshima wakaacha kulitamka. Msomaji akilifikia hutaja neno jingine, lenye maana ya bwana, na watafsiri wengi wamefuata njia hiyo, hata wa Kiswahili. Mama alikuwa anapita na sinia la vikombe, akasema kumbe na wao wana ukwe, maana yeye tangu aolewe hajamtaja baba mkwe kwa jina hata ndotoni. Walicheka, lakini Mchungaji alisema ni hivyo hasa, tofauti ni kwamba mkwe wako unamjua hata usipomtaja, lakini Mungu huyu, msomaji wa Lusu atamjua kwa neno tutakaloliweka sisi tu. Kwa hiyo walikubaliana kujaribu. Wangechukua mstari mmoja mgumu, ule unaosema Mungu huyu ana wivu na watu wake, wamsomee Kabula mara kadhaa, kila mara kwa jina tofauti.

Walianza na Bwana, neno la Kiswahili lililokwisha kuzoeleka vijijini. Kabula alifikiri, akasema huyu ni kama bwana shamba aliyekuja kwao, anataka walime anachotaka yeye, na wakipanda kingine atang'oa. Baba alikunja uso, maana siku hizo redio ilikuwa inatufundisha kuitana ndugu, na mabwana tulikuwa tumeambiwa wamekwenda zao. Wakajaribu Mtemi. Neno hilo wazee walilipenda, lakini serikali ilikuwa imeuondoa utemi si muda mrefu, na Kabula alijibu mara moja kwamba mtemi ana wivu kwa sababu amenyang'anywa kiti, atanuna kwa muda kisha atazoea. Mchungaji alimwaga chai kwa kucheka. Wakajaribu Likube, jina ambalo Wanyamwezi walimwitia Mungu kabla ya kanisa lolote. Hapo Kabula alikataa kabisa. Alisema Likube haoni wivu, yuko juu ya kila kitu, amwonee nani. Mwisho wakamsomea jina la Kiebrania lenyewe jinsi wataalamu wanavyodhani lilitamkwa, na Kabula aliuliza kwa adabu mgeni huyo ni wa nyumba gani.

Baba aliweka kalamu chini. Alisema mstari ni mmoja na wivu ni mmoja, lakini kila jina linaupeleka kwenye nyumba nyingine, na hajui upi ndio mlango wake. Kisha alimgusa Kabula kichwani akasema mtoto huyu ni hazina. Wakati huo huo mzee Salumu alipiga hodi, ameleta shati lililogeuzwa kola. "Hodi, Baba Kabula," alisema hata yeye, na baba akajibu, "Karibu, mzee wangu."

Nilisimama na karanga zikamwagika. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sababu lugha nyingine isingenitosha.

"Huyo Mungu mimi namjua," nilisema. "Watu wote wanamwita kwa watoto wake, Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Yakobo. Yeye ni wao na wao ni wake. Halafu anawasikia watoto wale wale wanamwitikia mwingine, tena mbele yake. Haoni wivu kwa ajili ya shamba wala kiti. Anaumwa kama mimi. Baba anaitwa Baba Kabula, na anaitika."

Mzee Salumu aliliweka shati kwenye kiti akaaga. Kabula aliinama akatazama vidole vya miguu yake. Nilingoja kofi, maana kumsema baba mbele ya mgeni halikuwa jambo dogo nyumbani kwetu, lakini baba alibaki ameshika ukingo wa meza. Mchungaji ndiye aliyezungumza kwanza, na hakuzungumza nami. Alimwambia baba kwamba kila alipousoma mstari ule kwa neno Bwana aliogopa, na leo kwa mara ya kwanza amemwonea huruma aliyeusema. Baada ya hapo alikunja karatasi zake akasema wapumzike.

Jioni baba alinikuta nyuma ya nyumba nikichambua mboga ambazo mama alikwisha kuzichambua. Alichuchumaa, jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya kwa sababu ya goti lake bovu.

"Baba yake Kabula alikuwa mdogo wangu," alisema. "Kwa mila yetu mimi ni baba yake, si baba yake wa kuazima. Nikimkatalia mtu barabarani, nitakuwa nimemwambia mtoto yule hana baba. Wewe hakuna anayeweza kukwambia hivyo."

Nilimjibu kwamba nimeelewa lakini sijapoa.

"Usipoe," alisema. "Siku utakayoacha kunionea wivu nitajua umenichoka."

Hakuwahi kuwarekebisha watu, na sikuwahi kupoa. Kabula aliendelea kukaa kwenye kiti, nami nikaruhusiwa kukaa upande wa pili wa meza, nikiulizwa mara moja moja maana ya maneno kwa Kiswahili. Kuhusu Jina, walibishana msimu mzima. Mchungaji alisema hawana ruhusa ya kuandika Baba wa Yakobo, kama baba alivyotaka baada ya maneno yangu, mahali penye herufi nne. Baba alisema ajuavyo yeye, jina la mtu nyumbani ni lile analoitikia. Mahali pengi waliweka Likube, na kwenye mstari wa wivu waliacha nafasi tupu. Kisha vikaja vijiji vya ujamaa, watu wakahamishwa, Kiswahili kikawa ndicho cha kusomesha watu wazima nchi nzima, na baba aliitwa arudi darasani. Kazi ile ikasimama. Karatasi zilizobaki mama alizitumia kufungia michembe ya kuuza, na sikumwona baba akimlaumu.

Siku hizi nasali kwenye kanisa lenye spika kubwa. Vijana wa kwaya wanaliimba jina lile la Kiebrania kwa nguvu, wanalirudia mpaka linakuwa kama ngoma, na sina ugomvi nao, sauti zao ni nzuri. Lakini niliwaona watu wazima wawili wakilikalia kimya miezi mizima, wakiogopa kumpeleka Mungu kwenye nyumba isiyo yake, na uoga ule nautamani. Mwaka huu mhubiri kijana alitufafanulia kwamba Mungu akisema ana wivu hamaanishi wivu kama huu wetu wa kibinadamu, maana yeye ni Bwana na bwana hulinda kilicho chake. Waumini waliitikia amina. Anayesoma Bwana pale anamwona mwenye mali na mali yake, na hawezi kulaumiwa, ndilo neno alilopewa. Mimi nilisomewa mstari wenye nafasi tupu, nikaijaza kwa nilichokuwa nacho tumboni, na sijaona tafsiri iliyonishawishi kwamba nilikosea.

Tulimzika baba Isikizya, kwenye shamba alilolinunua alipostaafu. Aliyetangaza msiba kwenye kipaza sauti alikuwa mtu wa Lusu, na alitangaza kifo cha Baba Kabula. Nilikaa kwenye mkeka wa wafiwa, mwanamke mzima mwenye wajukuu, na tumbo likaniwaka vile vile. Kabula alikaa kando yangu amenishika mkono, akilia kwa Kinyamwezi kizuri ambacho mimi sitakipata kamwe. Bado tunapigiana simu kila Jumapili, yeye Lusu, mimi Kanyenye. Hatumalizi mazungumzo bila yeye kusema, unakumbuka baba alivyokuwa akifanya hivi, unakumbuka baba alivyokuwa akisema vile. Kila mara namrekebisha, nasema, "Baba yangu." Kabula anacheka. Mimi sicheki.