Salamu za Ghati kwa Mama Yake

Mikono ya Pantaleo ilianza kumwasi mwaka aliomzika mkewe. Kwanza ilikuwa chai kumwagikia sahanini, vikafuata vifungo vya shati, na mwisho hata kumfunga binti yake kamba za viatu kukawa kibarua cha kumtoa jasho. Kahama ni mji wa biashara, na biashara isiyofungwa hata sikukuu ni ya kusema watu. Wakasema analewa. Pantaleo hakuwa mlevi hata kidogo. Alikuwa mchomaji wa dhahabu, na miaka yote aliyokaa machimboni karibu na Bulyanhulu alikuwa akivuta moshi wa zebaki kama wenzake wanavyovuta sigara.

Kazi hiyo waliifanya mtu na mkewe. Mawe yaliyosagwa yalioshwa kwenye karai, zebaki ikamiminwa humo, nayo ikaimeza dhahabu yote iliyokuwemo. Hapo ilikuwa zamu ya Ghati. Alikuwa na kitambaa cha satini alichokikata kwenye gagulo lake la harusi, kwa kuwa satini imefumwa kwa kubana na haiachi nyuzi. Alifungia humo ule uji mzito wa zebaki, akaukamua kwa mikono mitupu mpaka likabaki donge jeupe. Pantaleo akaliweka donge kwenye koleo juu ya mkaa, zebaki ikapaa na dhahabu ikarudi na rangi yake. Masika walichomea jikoni, mlango umefungwa kwa ajili ya mvua na sufuria ya ugali iko pale pale pembeni.

Siku hizo Pantaleo alikuwa pia akimfanyia vibarua mzungu mmoja mpima miamba, kumbebea mawe ya kupimwa na kumwandikia namba zake kwenye kompyuta. Mzungu yule aliwahi kumwambia, "Moshi huo ni sumu. Na kile kitambaa pia ni sumu. Mwambie mama avae glavu." Pantaleo alicheka sana kimoyomoyo. Mtu mzima, ndevu mpaka kifuani, anaogopa kitambaa! Hata kumfikishia Ghati hakuona haja.

Ghati alivimba miguu, kisha uso. Hospitali wakasema ni figo. Alipokufa, Rhoda, mtoto wao wa pekee, ndio kwanza alikuwa anajifunza kuunga maneno.

Mzungu alipofunga kambi na kwenda zake, alimwachia Pantaleo laptop yake iliyochoka, nzito kama tofali, ambayo hakuona maana ya kuipandisha ndege. Wengine wangeiuza kesho yake. Pantaleo aling'ang'ana nayo kwa sababu ndani yake mlikuwa na Ghati.

Ilikuwa hivi. Mchana mmoja kambini mzungu aliwaonyesha kwamba mashine ile ina kipaza sauti na inaweza kuhifadhi maneno ya mtu. Ghati akaomba amsalimie mama yake aliyeko Tarime. Pantaleo angeyahamishia maneno hayo kwenye kaseti na kuyatuma. Alizungumza Kiswahili, si Kikurya, akisema anataka mume wake asikie kwamba hasengenywi. Akainamia mashine na kusema, "Shikamoo mama." Kisha akanyamaza.

"Endelea," Pantaleo alimwambia.

"Ngoja kwanza aitikie," Ghati alijibu.

Walimcheka mpaka machozi yakawatoka, mzungu na Pantaleo, maana aliyeambiwa aitikie alikuwa mbali kabisa, upande wa pili wa Mwanza. Yeye hakujali. Alingoja muda unaotosha mtu mzima kuitikia, ndipo akaendelea na salamu zake, mazungumzo marefu ya nyumbani. Kaseti haikutumwa. Leo hakuna umeme, kesho hakuna kaseti tupu, keshokutwa kuna mawe ya kuosha, na hivyo hivyo mpaka mwenye salamu akafa.

Baada ya msiba Pantaleo akawa anaisikiliza peke yake. Kisha masika moja radi ikapiga jirani na nyumba ikachukua kipande kimoja cha memori. Mashine ikawa inaamka vizuri, ila akiiomba sauti ya Ghati inaandika kwamba memori haitoshi. Sauti imo ndani, imekaa, haitoki. Pantaleo aliyasoma maandishi yale mara nyingi mno, na kila mara aliumia upya.

Mwaka 1999, wakati wa kiangazi, mama yake Ghati alikuja Kahama kumchukua Rhoda. Pantaleo mwenyewe ndiye aliyetuma habari. Mtu anayeshindwa kushika kikombe, anayesahau uji jikoni mpaka nyumba inajaa moshi, atalea mtoto wa miaka mitano kwa kitu gani? Alilia alipotuma habari hizo, na hakuona aibu kulia. Lakini alijiapiza jambo moja: hawataondoka kabla bibi na mjukuu hawajasikia salamu za Ghati. Rhoda hakuikumbuka kabisa sauti ya mama yake. Na yule mama wa Tarime, salamu zilikuwa zake tangu mwanzo.

Memori iliagizwa na Jignesh, mwenye duka la redio na vipuri vya baiskeli karibu na stendi, kupitia shemeji yake aliyeko Nairobi. Ilifika bibi akiwa ameshafunga mizigo, basi lao ni kesho alfajiri.

"Baba Rhoda, nisikilize," Jignesh alisema. "Mwezi ujao anakuja fundi wa Mwanza. Kijana anajua kazi yake. Mwache aweke yeye."

"Mwezi ujao niko na nani?" Pantaleo alimjibu. "Naomba umeme wako tu, bwana Jignesh."

Jignesh akawasha jenereta na kuwapisha chumba cha nyuma, penye meza na dirisha. Bibi akaketi mlangoni, uso ameuelekeza uani, kwa kuwa kwao mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani. Tangu afike, kila neno lake kwa Pantaleo lilipitia kwa mtoto.

"Rhoda, muulize baba yako anatengeneza nini."

"Mwambie bibi avumilie kidogo, mayu," Pantaleo alisema, akimwita binti yake mama kwa Kisukuma. "Leo ana mgeni."

Kazi yenyewe ni ndogo, na mzungu aliwahi kuifanya mbele yake. Pantaleo alichomoa waya wa umeme na betri. Akaigeuza laptop kifudifudi. Akashika nondo ya dirisha kwanza, kwa sababu alifundishwa kwamba kiangazi mwili hubeba umeme, na umeme huo unaua memori. Hapo bisibisi ikamkataa. Ilicheza juu ya skrubu, ikateleza, ikakwaruza plastiki, mpaka Rhoda alipoushika mkono wa baba yake kwa mikono yake miwili na kuutuliza. Hivyo ndivyo kifuniko kilivyofunguka. Akakichomoa kile kipande kilichouawa na radi, akakiingiza kipya kwa kukilaza mshazari, akakisukuma chini, akarudisha betri na waya na kuwasha.

Mashine ikahesabu memori yake. Hesabu ilikuwa ile ile ya zamani, kana kwamba hakuongezwa kitu.

Kosa lilikuwa dogo sana, na ndiyo maana linauma. Kipande kile husukumwa mpaka vishikizo vya pembeni vilie na kukibana, na mikono ya Pantaleo ilisukuma nusu tu. Angesukuma tena, basi. Lakini huyu alikuwa mtu wa dhahabu. Alikichomoa akakiinua dirishani, akaona safu ya meno yake, madogo na ya njano, na akayafahamu papo hapo: dhahabu hii, tena safi. Na kwa mtu wa dhahabu, dhahabu isiyofanya kazi ni dhahabu chafu. Akataka kuisafisha. Akahitaji kitambaa laini kisichoacha nyuzi.

Kimoja alikuwa nacho. Kilikuwa mfukoni mwake ndani ya mfuko wa nailoni, kile cha gagulo la harusi, alichokifua kwa sabuni baada ya mazishi na kutembea nacho tangu siku hiyo. Sijui kama alikichagua kwa ulaini wake au kwa sababu kilikuwa cha Ghati, na Ghati ndiye aliyesubiriwa. Akasugua meno yale, na mkono wenye kutetemeka husugua kuliko unavyotakiwa. Alipokiinua tena kile kipande, meno ya mwisho hayakuwa ya njano. Yalikuwa meupe.

Hakuhitaji kuambiwa. Zebaki haitoki kwa sabuni. Hujificha katikati ya nyuzi, na ikikutana na dhahabu inaimeza. Dawa yake ni moja tu, moto, na ile memori haiendi kwenye koleo. Pantaleo akatazama mlangoni, kwenye mgongo wa mama mkwe wake. Akamtazama mtoto. Basi lao ni alfajiri. Akakirudisha kipande mahali pake hivyo hivyo na kukikandamiza kwa uzito wote wa mwili wake, na safari hii vishikizo vikalia.

Mashine ikahesabu memori yote, nzima.

"Njoo, mayu," alimwita Rhoda, akampakata. Kidole chake kikahangaika mpaka kikakipata kitufe cha kuitoa sauti. Kukawa na mkwaruzo, jogoo wa kambini akawika kwa mbali, kisha sauti ya mwanamke ikajaa chumbani.

"Shikamoo mama."

Na kimya kikafuata, kile kile walichokicheka.

Bibi alikurupuka pale mlangoni. "Marahaba, mwanangu," aliitikia. "Marahaba, Ghati. Hamjambo huko?"

"Hatujambo," Ghati alisema. "Huku kwetu wazima. Rhoda ameota meno, anauma kama—"

Hapo mashine ikazimika. Harufu ya waya ulioungua ikatoka chini ya vitufe, pale zebaki ilipounganisha meno yasiyotakiwa kugusana. Pantaleo alibonyeza, akachomoa betri, akairudisha, akabonyeza tena. Jignesh alikuja mbio kutoka dukani, akanusa, akamwekea mkono begani.

"Anauma kama nini?" Rhoda aliuliza.

Pantaleo akafungua mdomo amwambie. Aliyasikia maneno yale mara zisizo na idadi, na sasa hakuyapata. Alitafuta kichwani mwake, hayakuwemo. Yalikwenda njia ile ile uliyokwenda uji aliousahau jikoni.

"Nimesahau, mayu," alisema, akalia mbele ya wote.

Mtoto akaona kitambaa mezani. Alijua ni cha nani, maana alishaambiwa. Akakinyooshea mkono. "Basi nipe cha mama, niende nacho."

"Hapana!" Pantaleo alikinyakua kwa ukali ambao Rhoda hakuwahi kuuona, mtoto akaanza kulia.

Ndipo bibi akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu wawe wakwe alimtazama Pantaleo machoni, na hakumtuma mtoto.

"Baba Rhoda. Hata kitambaa cha mwanangu, unamnyima?"

"Mama, kina sumu," Pantaleo alisema. "Kimejaa sumu. Kisimguse mtoto."

"Umejua lini?"

Angeweza kudanganya. Jignesh alitazama chini. "Nilijua zamani," Pantaleo alijibu. "Niliambiwa tungali machimboni."

"Na Ghati alikuwa anakishika kwa mikono?"

"Kwa mikono, mama."

Bibi hakupiga kelele. Alimshika Rhoda mkono, wakapita dukani, wakatoka kwenye vumbi la stendi, mtoto akigeuka nyuma kila hatua. Pantaleo alibaki chumbani, kitambaa mkononi. Jignesh akaenda kuzima jenereta.