Mbuzi Mweusi Mlangoni

Shangazi yangu aliogopwa Laare nzima, na mimi niliyelelewa naye nilimwogopa kuliko wote. Mama alifariki nikiwa mdogo, baba akanikabidhi kwa huyo dada yake mkubwa, na tangu hapo hakuna jambo langu lililoamuliwa bila yeye. Baba mwenyewe alikuwa mtu wa kuitikia tu.

Shangazi alikuwa ameokoka, tena si wokovu wa mchezo. Watu wa kundi lake walikutana kila wiki na kuungama mbele ya wenzao. Aliyemsengenya jirani alisimama akasema. Aliyenusa ugoro alisimama akasema. Yeye mwenyewe aliwahi kuungama kwamba alifurahi jogoo wa jirani alipokanyagwa na gari. Na sinema, kwao, ilikuwa shimo la shetani, hakuna mjadala.

Kwa hiyo nilipomwambia kwamba kuna sinema mjini Maua Jumamosi mchana, nami nataka kwenda, nilitarajia kofi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima kabisa, lakini kofi la shangazi halikuuliza umri. Alinitazama, akafunga kitambaa chake kichwani vizuri, akasema, "Tutaenda pamoja. Nikuchunge." Mpaka leo naamini alikuwa akiitamani kuliko mimi.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mtu mmoja alizunguka na mashine yake katika miji ya huku kwetu, leo Meru, kesho Embu, akikodi kumbi. Huko Maua walikuwa wameziba madirisha kwa mablanketi, ukumbi ukawa giza na joto, wenye miraa wanatafuna, wengine wanakohoa. Sinema ilikuwa ya Wazungu, ya zamani, haina rangi. Nyumba kubwa ya mawe ilisimama peke yake juu ya kilima, ukungu umeizunguka asubuhi hadi jioni. Ukungu haukunitisha, maana kwetu milima ya Nyambene ukungu ni wa kila siku. Kilichonitisha ni mbuzi.

Alikuwa beberu mweusi tititi, hana hata unywele mweupe. Hakulia, hakula, hakuwa na mwenyewe. Alitokea tu mlangoni kwa mtu, akasimama, akatazama ndani kwa yale macho ya mbuzi yaliyolala ubavu. Kesho yake mtu huyo alikutwa amekufa. Mfanyakazi wa jikoni peke yake ndiye aliyepona, kwa sababu alikimbia akaubamiza mlango kabla kwato la mbuzi halijavuka kizingiti.

Nilimtafsiria shangazi Kiingereza kwa kunong'ona. Mwanzoni alikuwa mkali. "Kwani hawa watu hawana kamba?" aliuliza. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Mchinjeni!" ukumbi ukacheka. Kisha hakuna aliyecheka tena. Mbuzi alipoanza kupanda ngazi kuelekea chumba cha mama mwenye nyumba, taratibu, kwato moja baada ya jingine, shangazi alinishika mkono akanikokota nje kwenye jua. Hatukuona mwisho.

Wiki ile kundi lake lilipokutana nilingoja asimame aungame. Hakusimama. Aliimba kwa nguvu kuliko siku zote. Nyumbani akaanza kufunga mlango kabla jua halijazama, na mbuzi wetu mmoja mwenye kichwa cheusi akampeleka kwa jirani, eti anakula nguo kwenye kamba. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini mimi ningeanzaje kumwambia hivyo?

Na mimi wakati huo nilikuwa na langu. Mwalimu mwenzangu, kijana wa Embu aliyekuwa amepangiwa shule yetu, alikuwa amesema atanioa. Nilimpenda. Sioni haya kuliandika sasa nikiwa bibi wa watu: nilimpenda hata nikisikia baiskeli yake nilisahau hesabu niliyokuwa nikiandika ubaoni. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa huko Embu, mtu wa msimamo, naye alikuwa ametuma neno moja tu: msichana awe ameokoka, asiwe wa dansi wala sinema. Neno hilo lilipofika, shangazi alijibu, "Amina," bila kunitazama.

Wakaja kutoa posa, kijana mwenyewe, baba yake na wazee wao, wamepanda pickup. Walikuwa wamefundishwa mila zetu na rafiki wa Meru, kwa hiyo mzigo wa miraa uliofungwa kwa majani ya ndizi ulikuwepo, na asali ilikuwepo. Kisha, kwa kuwa kwao Embu mahari ni mbuzi, walitaka kutuonyesha heshima kwa njia yao. Kwa wazee wao mbuzi bora kabisa ni wa rangi moja, asiye na doa. Walikuwa wamemtafuta vijiji vitatu. Wakafungua pickup wakamshusha.

Beberu mweusi tititi.

Mimi nilikuwa chumba cha ndani nyuma ya pazia, kama bibi harusi anavyotakiwa, nikichungulia kama asivyotakiwa. Nilimwona shangazi akiganda na sinia mkononi. Nilijua papo hapo yatakayofuata. Wageni wakakaribishwa, wakaombewa, wakanyweshwa chai. Wao hawakujua Kimeru chetu na sisi Kiembu chao tulikisikia nusu nusu, basi mazungumzo yakaenda kwa Kiswahili, kila mtu na chake.

"Mbuzi iko na makosa," shangazi alisema.

Msemaji wao aliweka kikombe chini. "Makosa gani, mama?"

"Macho."

Wakatoka kumkagua. Macho mazima, meno mazima, makwato mazima. Wakarudi wamekunja uso.

"Hiyo mbuzi haina kitu," msemaji alisema. "Tuambie ukweli tu."

"Nimesema hapana. Leteni ingine, hata ya madoadoa."

"Mama, kwetu ukirudisha mbuzi umerudisha kijana."

"Basi mimi sijui."

Baba aliangalia miguu yake. Wageni wakainuka mmoja mmoja, wakaenda uani kuwasha pickup. Nilimkasirikia shangazi. Ningeweza kutoka nikasema, "Ni ile sinema tu," na ingekuwa imekwisha. Lakini ningemwaibisha aliyenilea mbele ya watu waliookoka, na ningekuwa nimejitangaza mwenyewe kwamba ndimi msichana wa sinema. Nikinyamaza, mchumba wangu anaondoka. Nikisema anaondoka. Nilikaa juu ya kitanda nikauma kanga, kisha nikarudi kwenye pazia.

Ndani alibaki mtu mmoja, baba wa mchumba wangu. Alikuwa anamalizia chai. Kuacha chai ya watu kikombeni ni tusi, naye hata kwa hasira hakutaka kutukana. Shangazi alisimama upande wa pili wa meza akijifanya anapanga vikombe. Huko nje ukungu ulikuwa umeshuka, pickup inanguruma, na katika vurugu ya kuondoka mtu aliachia kamba.

Mbuzi akapanda ngazi zetu mbili za saruji, akasimama mlangoni. Nyuma yake hakuonekana hata mti, ukungu mtupu. Akatazama ndani.

Sijawahi kuona wazee wawili wakikimbia hivyo. Kikombe kilianguka. Shangazi alitokea kushoto, mzee akatokea kulia, wakafika mlangoni pamoja na kuubamiza mbele ya pua ya mnyama, kisha wakauegemea kwa mabega, bega kwa bega, wanahema. Nje mbuzi aligonga kwa pembe mara moja. Wakasukuma zaidi.

Halafu wakatazamana.

"Mzee, wewe unafunga nini?" shangazi aliuliza polepole.

"Na wewe mama, unafunga nini?"

Nilishika pazia nisije nikaanguka nalo.

"Uliona wapi?" mzee alinong'ona.

"Kuona nini?"

"Mama, mimi ni mzee wa kanisa. Usinifanye niseme mara mbili."

Shangazi alishusha sauti. "Maua," alisema. "Na wewe?"

"Embu mjini. Niliambiwa kijana yangu ameingia huko. Nikaingia kumtoa. Hakuwa ndani." Akakaza bega mlangoni. "Nikakaa."

"Umeungama?"

"Bado. Wewe?"

"Bado."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Shangazi akaegemeza kisogo chake mlangoni. Sauti iliyomtoka haikuwa ile ninayoijua, ilikuwa ndogo. "Mimi nilitoka mapema. Sijalala vizuri tangu hiyo siku. Aliua ule mama wa nyumba?"

Mzee aligeuza uso dirishani, ukungu ulikuwa ukifunguka. Huko nje mtu alikuwa akiita jina lake, pickup ikapigwa honi.

"Hapana," alisema. "Mwisho ilijulikana. Ni ndugu ya mwenye nyumba alikuwa anawatilia sumu, anataka shamba. Mbuzi ilikuwa inaenda kuwaambia. Inasimama kwa mlango iwaonye, na wao wanafikiria inaleta kifo. Ule mama alishuka akaikaribisha, akapona."

"Kweli?"

"Kweli mama."

Shangazi alivuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Shamba," alisema. "Ningejua. Ni shamba kila mahali." Akafungua mlango mwenyewe. Mbuzi bado alikuwa pale, na sasa nilimwona vizuri: alikuwa akitafuna jani la ndizi alilochomoa kwenye mzigo wa miraa. Shangazi alimshika pembe, akamwongoza hadi nyuma ya jikoni, akampa majani ya viazi vitamu. Mzee akatoka akawaambia watu wake wazime gari, kwa sababu yeye na mama wamekaa wakaelewana. Hakuna aliyeuliza wameelewana nini. Watu wazima walikuwa wamechoka na njaa, na nyama ya kuku ilinukia.

Niliolewa mwaka uleule. Mbuzi yule aliishi kwetu mpaka akazeeka, na shangazi alimpenda kupita kiasi. Kisa chake pia alikipenda. Alikihubiri katika mikutano ya akina mama, Laare hadi Kianjai, bila kutaja sinema: habari za mnyama aliyetumwa kuonya na watu wakamfungia mlango. Akina mama walilia. Nilikisikia mara nyingi, nami nilikiamini.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nimekaa Embu na baba mkwe, amezeeka, tunachambua maharagwe barazani. Nikamwomba anieleze vizuri ile sehemu ya sumu, maana shangazi huiongezea chumvi kila mwaka.

Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nitajuaje, mtoto? Nilitoka mbuzi ikiwa bado kwa ngazi."

"Baba! Na yule ndugu? Na shamba?"

"Nilikuwa nimeshika mlango," alisema. "Kuna dirisha hapo kando. Nikaangalia nje, nikaona kijana yangu amekaa kwa pickup, amefunika uso na kofia, analia na hataki watu waone. Ningemwambia mama nini? Nilisema ile maneno ya kufungua mlango."

Mume wangu alikuwa akija kutoka zizini na ndoo ya maziwa, akanikuta machozi yananitoka, akauliza kuna nini. Baba yake alimwambia ni vumbi la maharagwe.