Meneja Aliyeosha Kikombe Chake

Saa mbili unusu asubuhi, Bi Chai amesimama kwenye mlango wa jiko la ofisi, mikono kiunoni, anawatazama maofisa sita waliopanga foleni mbele ya sinki moja. Kila mmoja ameshika kikombe chake. Huko mbele madirisha ya kaunta hayana mtu, na wateja waliokuja na bili za maji wamejaa mabenchi yote.

"Mtazame huyo mhasibu," ananong'ona. "Anaosha nje tu, ndani hagusi. Mkewe ana kazi!"

Kwa miaka kumi na tisa, vikombe arobaini na kimoja vya ofisi hii vimepita mikononi mwake kila siku. Jumatatu meneja mpya alimaliza chai yake, akaingia jikoni, akaosha kikombe mwenyewe. Basi. Hakutoa waraka, hakusema neno. Jumanne wakuu wote walikuwa na povu hadi viwikoni.

"Nilijua nimekwisha," anasema Bi Chai. "Mkataba wangu unaisha Ijumaa. Vikombe vikishapata wa kuviosha, mimi nitasainiwa wa nini?"

Mlinzi wa getini, mwenzake wa umbea, hakumpa hata pole. "Dada, anza kufungasha masufuria."

Mzee mmoja aliyekaa benchini tangu alfajiri anamwita. "Mwanangu, hao wanaoga huko ndani?"

Hapo Bi Chai anavua aproni na kuingia kwa meneja bila kubisha hodi.

"Baba, unaniua."

Meneja anaruka kitini. "Mama, si nilitaka kukupunguzia kazi?"

"Kazi umeimaliza kabisa! Wewe ukipiga chafya, hawa wanajifuta pua. Kama lazima wakuige, chukua chai yako ukanywe na wateja."

Meneja anakwenda, anajibanza karibu na yule mzee. Dakika kumi hazijapita, mhasibu naye anatafuta nafasi benchini. Anakutana na macho ya wateja, anaghairi, anakimbilia dirishani kwake. Wenzake wanamfuata mbio.

Mkataba wa Bi Chai unasainiwa palepale, juu ya goti, kwa kalamu ya kuazima.

Sasa ana mpango mwingine. "Nataka meneja asimame pale kaunta aseme, 'Samahani kwa kuwachelewesha.' Mara moja tu," anasema, akivikusanya vikombe. "Hawa wengine nawajua. Wataomba msamaha mpaka saa ya kufunga."