Mama Vikombe na jirani aliyemnyonyeshea binti yake

Saa tatu kasorobo asubuhi, na foleni imeshafika mlangoni. Ni kina mama kumi na wawili wenye magauni ya wodi na ndala, kila mmoja ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hakuna anayesukuma. Wengine bado wanatembea kwa hatua za mtu aliyeshonwa juzi.

Mwanamke mfupi mwenye kilemba cheupe anavipokea vikombe dirishani, anasoma namba ya kitanda kwenye plasta, anavipanga kwenye sinia. Haangalii ndani. Hata akitaka hawezi, maana kila kikombe kina kifuniko na kimevishwa kigauni cha kitambaa.

Wa mwisho ni binti wa miaka ishirini hivi, kikombe amekificha chini ya shuka.

"Mama, humu hamna kitu. Ni matone tu."

"Mwanao ana uzito gani?"

"Gramu elfu moja mia tatu hamsini."

"Sasa wewe ulitaka umletee ndoo? Lete hicho."

Binti anacheka bila kupenda, anatoa kikombe.

Hiki ni chumba cha maziwa cha wodi ya watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya siku zao. Wengi hawana nguvu ya kunyonya. Mama anakamua kwa mkono, na maziwa yanampitia mtoto kwenye mpira mwembamba wa puani, kila baada ya saa tatu, mara nane kwa siku. Mtu wa kuosha vikombe, kuvichemsha, kuvikausha na kuviandika namba kwa zamu ya mchana ni huyu, kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa. Wodi nzima inamwita Mama Vikombe. Si muuguzi, na ukimwita hivyo anakukatiza.

Ana miaka hamsini na tisa. Baada ya wiki tatu anastaafu.

"Lakini kuna mtu lazima nimwombe radhi kwanza," anasema. "Nilimkosea miaka thelathini na moja iliyopita. Namba yake ya simu ninayo, ina miezi miwili kwenye pochi. Kila nikiitoa, nairudisha."

Kosa lenyewe, anasema, ndilo lililomleta kwenye chumba hiki. Hata vile vigauni vya vikombe vimetokana nalo. Zamani vikombe vilikuwa vya plastiki inayoonyesha, na kina mama walikuwa wakisimama kwenye foleni wanachunguliana. Huyu ana kikombe nusu, yule ana kijiko kimoja. Mwenye kijiko kimoja raundi inayofuata haji kabisa, anajifungia chooni. Mama Vikombe akaomba mashuka yaliyochakaa, akashona vigauni mia moja na ishirini. Wauguzi walimcheka sana. Siku hizi, kigauni kimoja kikipotea, wao ndio wanaokitafuta.

"Ile kujificha naijua," anasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa na maziwa ya kulowanisha ulimi tu."

Ukimuuliza habari za enzi hizo, uso unamlegea. Walikuwa wamepanga, yeye na mumewe fundi baiskeli, kwenye nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana. Ua mmoja, bomba moja, kamba za nguo zimepishana juu kama utando, na mama mwenye nyumba aliyejua kila siku nani kapika nini. Redio ilikuwa moja tu, ya fundi saa wa chumba cha kwanza. Aliiweka dirishani, wote wakaisikiliza huku wanafua.

"Tulikuwa hatuna kitu, lakini jamani, tulikuwa na raha! Chumvi ikikuishia, unanyoosha tu mkono. Siku hizi nina vyumba viwili na sebule, na jirani yangu simjui hata sura."

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa humo, msichana mwenye mapafu ya tarumbeta. Ua mzima ukampa jina la Chiriku kwa kelele zake, kama yule ndege. Alikuwa akilia njaa. Kila aliyepita alikuwa na dawa yake: kunywa hiki, kula kile, usiinue kitu kizito, usigombane na mumeo.

"Mama mkwe alikaa kwangu wiki tatu, akaninywesha uji asubuhi, mchana na jioni. Nikanenepa mimi. Mtoto akabaki vile vile."

Chumba cha pili kulikuwa na mwanamke wa rika lake, mwenye mtoto wa kiume aliyemzidi Chiriku wiki mbili. Ukuta wa kati haukufika juu, ulikoma futi mbili chini ya bati. Alasiri moja Chiriku analia, mama yake naye analia, sauti ikapita juu ya ukuta:

"Mlete huyo kabla hajatupasua masikio!"

Akampeleka. Jirani akamweka mmoja kulia, mmoja kushoto, na mikono yake ikaendelea kuchambua maharage.

"Chiriku akanyamaza," anasema Mama Vikombe. "Ile nyumba haijawahi kuwa kimya vile. Mpaka fundi saa akatoka nje kuuliza kama kuna msiba."

Ikawa ndiyo desturi yao. Anamnyonyesha mwenyewe kidogo alichonacho, kisha anampitisha kwa jirani, mara nne, mara tano kwa siku. Hapa muuguzi mmoja, anayesikiliza huku akipima maziwa, anadakia kwamba siku hizi mtoto hapewi maziwa ya mama mwingine bila huyo mama kupimwa. Mama Vikombe anakubali. Enzi zile, anasema, hawakuyajua hayo.

Siku ya kliniki ndiyo anayoipenda kuliko zote. Jirani alikuwa mbele na watoto wawili mikononi, yeye nyuma na mfuko wa nepi. Nesi akawapima, akaandika "pacha" kwenye kadi zote mbili, kisha akaanza kufoka: mbona wa kiume kanona na wa kike kakonda? Mama gani anapendelea?

"Mwenzangu akainamisha kichwa, akasema, 'Nimekosa, nesi, nitajirekebisha.' Njiani tulicheka mpaka tukakaa chini. Tangu siku hiyo akawa Mama Pacha."

Anacheka hata sasa, peke yake, kikombe mkononi. Kisha kicheko kinakatika.

Mwezi wa tano Chiriku akaanza kurudi kutoka kwa jirani bado analia. Mama yake akahesabu mwenyewe moyoni. Wa kiume anazidi kutanuka mashavu, wa kike anarudi nyuma. Asubuhi moja, bombani, mbele za watu wote, yakamtoka.

"Nilimwambia, 'Kama unambania mwanangu, sema.' Ndoo yake ilikuwa bado haijajaa. Akajitwisha hivyo hivyo, akaingia ndani."

Wiki mbili baadaye alirudi kutoka dukani akakuta mlango wa chumba cha pili uko wazi. Vitanda vimeondoka. Sakafu imefagiliwa.

"Mtu ananipa maziwa ya mwanawe, miezi mitano, mimi namwita mchoyo! Na nilikuwa na wivu, niseme ukweli. Chiriku akimwona yeye anachangamka mpaka vidole vya miguu. Akiniona mimi, ananitazama kama mgeni aliyekuja kuuliza njia."

Binti alikuzwa kwa maziwa ya kopo yakipatikana, na uji. Miaka ikapita, mama akapata kazi ya usafi hospitalini, akaomba mwenyewe ahamishiwe chumba cha maziwa. Namba ya Mama Pacha alitafutiwa na Chiriku, kupitia watoto wa mama mwenye nyumba.

Saa tano na nusu, wakati wa mapumziko, anakaa kwenye benchi nyuma ya dobi la hospitali. Anaitoa karatasi kwenye pochi. "Nipige nikiwa na shahidi," anamwambia mwandishi wa makala hii, "nisije nikakimbia." Simu yake imekufa spika ya sikioni, kwa hiyo kila anachoambiwa kinasikika hadharani.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Ni mimi. Tulipanga nyumba moja. Ule ukuta usiofika juu."

"Weee! Mama Chiriku? Uko hai wewe?"

Mama Vikombe hajibu salamu. Anaingia moja kwa moja, kama mtu anayeogopa kusahau: amepiga kuomba radhi, kwa lile neno la bombani, la kumbania mtoto. Alikosea. Alikuwa mjinga. Amsamehe.

Upande wa pili wanasikika kuku, na mtu anavuta kiti.

"Hukukosea," inasema ile sauti. "Nilikuwa nambania."

"Unasemaje?"

"Yalikuwa yamepungua, ndugu yangu. Mwezi ule wa tano. Nikawa namnyonyesha wangu mpaka amalize, ndipo namweka wako kwenye ziwa tupu. Anavuta tu. Wewe huko ng'ambo ya ukuta ukimsikia kimya unadhani ananyonya. Nilishindwa kukwambia. Ua mzima unaniita Mama Pacha, nitasemaje sina? Uliposema vile nikajua umenigundua. Nikamwambia baba watoto tuhame."

Mama Vikombe ameziba mdomo kwa kiganja. Machozi yanapita juu ya vidole.

"Dada, si ungesema tu."

"Niseme nini? Niliona haya. Lakini alikuja akashiba? Yule mtoto. Miaka yote hii najiuliza. Alikuja akashiba?"

"Ana kilo themanini na mbili," anajibu Mama Vikombe. "Anatafuta dawa ya kupungua."

Kicheko kinachotoka kwenye simu kinawafanya wafanyakazi wawili wa dobi wachungulie dirishani. Wanawake hao wanacheka kwa muda mrefu, na mahali fulani katikati inakuwa vigumu kujua nani anacheka na nani analia.

Baada ya kukata simu anapangusa uso kwa aproni.

"Miaka yote mimi nikikutana naye ndotoni nageuza njia. Kumbe naye ananikimbia," anasema. "Laiti ningegonga ule ukuta siku ile, nikamuuliza kwa upole. Nisingegundua mchoyo. Ningegundua mwenzangu."

Akistaafu, Jumamosi ya kwanza atapanda basi, safari ya siku nzima, kwenda kwa Mama Pacha. Chiriku ameshaomba ruhusa kazini.

"Sitapeleka maneno, tumeshayamaliza," anasema, akiinuka kwenda kuchemsha vikombe vya saa sita. "Nitapiga hodi, halafu nitamsukuma huyo binti atangulie. Mwenzangu amwangalie mpaka aridhike."