Debe la Magome

Mama alipoota uvimbe kwenye titi alikataa katakata kwenda Mwanza kupasuliwa. Alikuwa akiishi Bweri, na dawa aliletewa na wifi yake, shangazi yangu wa Butiama: magome ya mti, ya kuchemsha na kunywa asubuhi na jioni. Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara Dar es Salaam, tulikopima mimea ya waganga kutafuta dawa ya saratani. Nikamwomba shangazi furushi la magome yale. Kimoyomoyo niliapa: yakishindwa, nambeba mama hospitali hata kwa nguvu.

Miaka ile ya shida hata sabuni tulipangia foleni, sembuse mashine za maabara. Tulitumia uduvi wachanga, wadogo kuliko punje ya chumvi, kwenye vichupa vya maji ya chumvi. Unawatilia maji ya mmea. Wakifa, mmea unafaa kuchunguzwa zaidi. Wakiendelea kuogelea, achana nao. Asubuhi nilipochungulia, wote walikuwa wamelala chini. Nilipiga kelele mpaka mwenzangu akamwaga chai.

Uduvi kufa si uvimbe kupona. Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza kazini. Haraka haina baraka, tunaimba tangu shule, lakini mama yangu alikuwa mgonjwa na mimi nilikuwa mjinga. Nikamwandikia barua: "Mama, wamekufa wote. Endelea kunywa."

Mkubwa wetu akataka magome mengine ili turudie kipimo. Likizo ilipofika nilikwenda Butiama, nikayabandua mwenyewe kwenye mti uleule, nyuma ya zizi la shangazi, nikayafunga kwenye gazeti. Safari hii uduvi waliogelea kana kwamba nimewapa uji. Nikarudia. Wakaogelea tena.

Niliomba ruhusa nikarudi Butiama.

"Shangazi, yale ya kwanza uliyatoa wapi?"

"Si humo kwenye debe lako! Nayawekaga humo, panya hawasogei kabisa."

Debe langu. Nililinunua mwenyewe sokoni Bunda, nikamzawadia shangazi kabla sijaenda kusomea maabara, enzi ambazo chombo chenye mfuniko kilikuwa lulu. Awali lilikuwa la dawa ya kupulizia pamba. Shangazi alilisugua kwa majivu na mchanga mpaka harufu ikaisha, kama walivyofanya wote. Niliinama nikaona unga mweupe umeganda kwenye mikunjo ya bati. Nikakaa chini mavumbini. Uduvi wangu waliuawa na sumu ya pamba, na mama alikuwa akinywa magome ya debe hilohilo.

Nilifika Bweri siku ileile. Mikono ya mama ilitetemeka akinipokea mkoba.

"Dawa inapambana," alisema akicheka.

Uvimbe niliouacha kama harage ulikuwa umetoboa ngozi. Nikamwaga sufuria ya dawa, nikamwambia kesho tunakwenda Mwanza. Sababu sikumwambia. Wala hakuniuliza.

"Ukisema wewe, nakwenda. Wewe ndiye unajuaga."

Mwanza, daktari alimpima, akauliza kwa ukali kwa nini amechelewa kiasi hicho. Mama akanishika mkono.

"Hatukukaa bure, daktari," alisema, kifua mbele. "Huyu binti yangu ni msomi. Alinipimia."