Mguu wa Haraka

Wifi yangu hajui kukaa. Hata alipokuwa na miguu yote miwili alikula amesimama, na kaka yangu alizoea kuzungumza naye huku akimfuata nyuma nyumba nzima. Sasa mtu wa namna hiyo akatwe mguu chini ya goti, halafu aambiwe atulie! Alitutia wazimu sote.

Mguu wa bandia alipewa mjini, safari ya siku nzima kutoka kwetu. Mtaalamu wa mazoezi aliyemfundisha kuuvaa alijua hatuna uwezo wa kwenda na kurudi kila mara, akasema tutumie simu: kila wiki tumrekodi akitembea, tumtumie video, naye atatuambia pa kurekebisha. Mpiga picha nikawa mimi. Wifi alinipa amri moja tu.

"Uso wangu usiuchukue. Kiuno kwenda chini. Anatazama mguu, hatafuti mchumba."

Nikatii. Kubishana naye ni kujichosha bure.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Ana cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa, na mwenye duka alikuwa ameshamuuliza kaka yangu, kwa ule upole wa kuudhi, kama ile nafasi ampe fundi mwingine. Wifi akaapa kwamba msimu wa sare za shule utamkuta ameketi pale pale. Basi akatembea. Ukumbini, uani, ukumbini, uani, mpaka kichwa kikaniuma. Nikimwambia apumzike, ananiambia nipumzike mimi.

Siku moja mtandao ulikuwa mzuri, mtaalamu akapiga simu ya video mwenyewe.

"Tembea mama, nikuone."

Wifi akaukata uwanja kwa madaha, mimi nyuma yake na simu. Nikasubiri sifa. Hazikuja.

"Dada unayeshika simu, zunguka mbele, pandisha juu kidogo. Nionyeshe uso wake."

"Uso wa nini tena?" wifi akafoka.

Nikapandisha. Ndipo nami nikauona, maana wiki zote hizo nilikuwa naikodolea macho miguu. Alikuwa ameuma meno, jasho linamchuruzika, machozi yanamlengalenga.

"Kaa chini, mama. Uvue."

Ndani ya mguu, pale kigutu kinapoingia, zikatoka pedi za mabega, zile zinazoshonewa kwenye makoti. Kigutu kilikuwa kimepungua, mguu ukawa unapwaya, naye akaurekebisha kama gauni la mteja. Mshono wenyewe ulikuwa mzuri, na ndio uliomchimba. Ulikuwa umemwachia kidonda kibichi.

"Ulikuwa unapwaya tu, daktari. Nikaupunguza."

"Mwili si kitambaa, mama. Nenda zahanati leo, na usiuvae mpaka kidonda kipone. Kisha uje tukupimie upya."

"Haiwezekani. Sare zinaanza."

"Ukiendelea kuuvaa, watakata tena, juu ya goti. Hebu likunje nilione."

Akalikunja, akalinyoosha.

"Ukibaki nalo, utakanyaga cherehani. Ukilipoteza, siwezi kukuahidi kitu."

Tuliporudi kutoka zahanati wifi akasema, macho yake ukutani, "Nenda dukani. Mwambie ampe huyo fundi nafasi."

"Wifi..."

"Nenda kabla sijaghairi."

Nilikwenda nikimtukana mwenye duka njia nzima, kimoyomoyo na kwa sauti. Alinipa pole, nikazidi kumchukia.

Niliporudi nilimkuta wifi ameketi kitandani, vidole haviishi kuchezea shuka. Mguu haukuwa kando yake.

"Uko wapi?"

Akainua kidevu kuelekea juu ya kabati. Alikuwa ameurusha huko mwenyewe.

"Nikikuomba unishushie, usinishushie," akasema. "Hata nikilia."

Akaanza kulia.